Kikombe cha Marehemu

Nchi hii ninayoieleza haimo kwenye ramani, wala mimi sijawahi kufika. Nimesikia tu, na niliyoyasikia nimeyapanga kama mtu anavyopanga kuni, kubwa chini na ndogo juu. Msomaji akiona mahali fulani panafanana na kwao asikasirike. Nyumba nyingi duniani zina mlango upande wa mbele.

Iliitwa Ukindu. Ilikuwa na mto mmoja, milima miwili, na serikali moja kwa wakati mmoja, ingawa si ile ile. Watu wake walikuwa wapole mno. Waliipenda serikali yao, na ikiangushwa walimpenda aliyeiangusha, jioni hiyo hiyo, kwa nyimbo zile zile, wakibadilisha jina tu pale katikati.

Desturi yao kubwa ilikuwa kikombe. Mgeni akiingia nyumbani, hata wa kupita njia, anamiminiwa chai. Anakunywa lakini hamalizi. Anabakiza funda moja chini, na kikombe kinawekwa juu ya kabati, wima. Maadamu kikombe kiko wima, yule ni mgeni wa nyumba ile. Hapigwi, hakamatwi, hafukuzwi, hata akitoka kwenda sokoni akarudi. Siku ya kuaga analinywa lile funda, baridi vile vile, na anakifudikiza kikombe mwenyewe. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfudikizia mgeni wake, isipokuwa kwa jambo moja tu: mgeni akifa. Ndiyo maana huko Ukindu mtu akitaka kumtukana mwenzake tusi la kuvunja undugu, hafungui kinywa. Anachukua kikombe cha mwenzake na kukilaza mdomo chini, mbele ya macho yake, kama kusema, wewe nimeshakuzika.

Sasa serikali haiwezi kuona kitu kizuri kimetulia ikakiacha. Desturi ikafanywa sheria. Ikaundwa Idara ya Vikombe, yenye watumishi mia nne na kumi na wawili, na haikuwa na majani ya chai. Kila ubalozi ukapelekewa kabati la kioo, daftari la wageni, na Fomu Namba Tisa ya Kufudikiza, nakala tano. Fomu hiyo iliuliza swali moja: kikombe kimefudikizwa kwa sababu gani? Majibu yalikuwa mawili. (a) Mgeni ameaga. (b) Mgeni amefariki. La tatu halikuwepo, maana waliotunga fomu walikuwa watu wenye heshima zao.

*

Balozi wa Ukindu katika nchi jirani ya Mbalamwezi aliitwa Nuhu Kiwamba. Alikuwa mjane wa kiume, mtu wa swala tano, mwenye suti mbili na meno ishirini na sita. Aliota meno yaliyotimia kama sisi sote, lakini alikuwa ametumikia serikali nyingi.

Nieleze. Kila serikali ya Ukindu ilipopinduliwa, Balozi Nuhu aliumwa jino. Redio ikianza tu kupiga muziki wa gwaride asubuhi, alishika shavu akaenda kwa daktari wa meno, na huko akang'olewa moja, zima au bovu. Kwa siku tatu alikuwa amevimba hawezi kutamka neno. Waandishi walimuuliza, "Mheshimiwa, unaunga mkono upande gani?" naye alijibu, "Mmmh," akionyesha pamba. Siku ya nne mshindi alikuwa ameshajulikana, uvimbe ulikuwa umeshuka, na pongezi zake zilikuwa za kwanza kufika. Serikali sita, meno sita. Huko wizarani walimwita nguzo ya taifa.

Mapinduzi ya saba yalitokea siku ya Jumatatu. Dereva wa ubalozi alisema anakwenda kujaza mafuta na hajarudi mpaka leo. Karani aliacha barua mezani: "Mheshimiwa, nimekwenda mapinduzini, chakula cha mchana msinisubiri." Akabaki Mama Sikudhani, mfagiaji, mtu wa hapo hapo Mbalamwezi, ambaye mapinduzi ya Ukindu hayakumhusu hata kidogo.

"Baba balozi, kanzu yako ya kwendea kwa daktari hii hapa nimeipiga pasi," alisema. "Leo gego au la mbele?"

Balozi alikuwa anavaa viatu, mlango wa nyuma ukagongwa.

"Nuhu, fungua. Ni mimi."

"Wewe nani?" Sauti aliijua.

"Mbaruku."

"Mbaruku gani?"

"Mbaruku wa Bibi Mwanashuli! Tulioangukiwa na mzinga wa nyuki mimi na wewe, ukanikimbia. Fungua, bwana!"

Alikuwa ni Mtukufu Rais Mbaruku Ng'ombo, Mlezi wa Taifa, Mpanda Miti wa Kwanza, Mfunguzi wa Madaraja. Alikuwa amevuka mpaka ndani ya gari la dagaa, akiwa na ndala moja. Balozi alimtazama, akatazama barabarani, akamwingiza ndani. Na mkono wake, bila kumshauri mwenyewe, ukaenda kwenye birika ukamimina chai.

Alipogundua alichofanya, kikombe kilikuwa kimeshafika midomoni mwa mgeni. Rais alikunywa kama mtoto, akabakiza funda, akakiweka.

"Umeshamimina," alisema Mama Sikudhani kutoka mlangoni. "Sasa mtafutie na ndala ya pili."

*

Wiki mbili zilipita, na kama nilivyosikia, zilikuwa wiki nzuri. Walicheza drafti. Rais hakujua tena kujifungia vifungo vya shati. Alikuwa na mtu wa kazi hiyo. Hakujua bei ya kitu chochote. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti akangoja mtu aje kutangaza kwamba amekaa.

Jioni moja aliacha kete mkononi akasema, "Nuhu, niite."

"Nikuite vipi, Mtukufu?"

"Jina langu. Miaka kumi na moja sijaitwa. Hata Zainamu mke wangu, wanausalama walimwambia aniite Mtukufu, akazoea. Usiku ananiambia, Mtukufu, sogea. Niite."

"Mbaruku."

"Tena."

"Mbaruku."

Rais wa Ukindu akacheka mpaka akajifuta macho na mkono wa shati. "Nilidhani limekufa," alisema.

Waliswali pamoja. Mbaruku alisimama nyuma kila mara. Alisema, "Nuhu, wewe unazijua sura ndefu. Tangulia, mimi nitakufuata." Balozi alikuwa hajapata maamuma nyuma yake tangu mkewe alipofariki. Alizisoma zile sura ndefu zote.

Jino hakuling'oa. Alisahau. Na hilo ndilo lililokuja kumponza.

*

Siku ya kumi na tano ilifika simu ya maandishi kutoka nyumbani.

"KAMATI YA UKOMBOZI WA MILELE, AWAMU YA PILI, INAKUSALIMU. TUMESUBIRI JINO LAKO HATUKULISIKIA. TUNASIKIA UNA MGENI. BADO U BALOZI WETU? THIBITISHA KWA KUMLETA. NI SISI, KAPTENI LUKAYA, MWENYEKITI, AMBAYE HAPENDI VYEO."

Saa hiyo hiyo akaingia Waziri wa Ujirani Mwema wa Mbalamwezi, Mheshimiwa Dokta Fulgensi Mapambazuko, mtu mnene mwenye sauti ya ubani. Aliwahi kumvisha Rais Mbaruku shada la maua mara tatu na kumwita ndugu yetu wa damu.

"Balozi," alisema, akiwa amesimama kana kwamba kuna umati, "Mbalamwezi haijapata kumtoa mkimbizi, na haitamtoa. Huo ndio msimamo wetu mbele ya Mungu na mbele ya mataifa. Ila hatuwezi, kisheria, kumzuia mwenyeji akiamua yeye mwenyewe kumuaga mgeni wake."

"Mheshimiwa, mmeahidiwa nini?"

"Sisi hatuuzi mtu!" Dokta alishika kifua. "Tumeahidiwa nusu ya mto. Tena ile nusu ya ng'ambo."

Alipoondoka, balozi alikaa kwenye ofisi yake kubwa. Alizitazama zile suti mbili. Alifikiri miaka yake thelathini na miwili ya kazi, nyumba ya serikali, kaburi la mkewe alilokuwa anakwenda kulifyeka kila mwaka wakati wa likizo. Asipothibitisha, hatakanyaga tena Ukindu. Akithibitisha, Mbaruku atapigwa risasi ukutani. Alitafuta njia ya tatu, maana alikuwa mwanadiplomasia, na watu hao hufundishwa kwamba njia ya tatu huwa ipo. Macho yake yakaangukia Fomu Namba Tisa.

Aliipata akiwa anatabasamu. Akapanda juu mbio kama kijana.

"Mbaruku, utakufa!"

"Wamefika?"

"Utakufa kwenye karatasi! Mtu aliyekufa hatafutwi. Nitaweka alama kwenye (b), nitatuma salamu za rambirambi, mambo yatapoa. Wiki mbili tu. Nitakupatia pasi ya jina jingine uende mbali, na mimi nitabaki na kazi yangu. Umeona? Hakuna aliyeumia."

Mbaruku akauliza, "Na kikombe?"

"Kikombe lazima kilale. Dokta atakuja kukikagua."

"Karatasi ni ya serikali, Nuhu. Andika unavyotaka. Kikombe ni changu."

"Ni kwa ajili yako!"

"Nimekusikia. Ila usinifanye nitazame."

Lakini alitazama. Balozi alifungua kabati la kioo, akakishika kile kikombe kwa vidole viwili, akakifudikiza. Lile funda la chai likatambaa juu ya kioo likadondoka sakafuni, tone moja moja. Mama Sikudhani akaja na tambara, akafuta.

Usiku ule marehemu alikula maharage, sahani mbili.

*

Dokta Mapambazuko alikuja kushuhudia kifo. Alivua kofia mbele ya kikombe, akainamisha kichwa. Juu, mtu akakohoa.

"Nani huyo?"

"Nyumba ya zamani hii, Mheshimiwa. Mbao."

"Eti?" Dokta alinusa. "Na mbao zenu zinavuta sigara?" Akacheka kidogo, akatia sahihi nakala zote tano, na nusu ya mto ikawa ya Mbalamwezi siku ile ile.

Balozi alifikiri yamekwisha. Aliwasahau watu wake. Serikali ya Ukindu haikuwa na kinyongo na maiti yeyote. Habari zilipofika tu, Kapteni Lukaya alilia redioni. Alisema marehemu alikuwa shujaa aliyepotoshwa na washauri. Uwanja ukapewa jina lake, na shule, na aina moja ya mbegu za mahindi. Ikaja simu ya pili: "LETA MWILI. MAZISHI YA KITAIFA ALHAMISI. WEWE UTAKUWA MFIWA MKUU NA BAADAYE WAZIRI WA MAMBO YA NJE."

Jeneza lilijazwa magazeti ya serikali, miaka mitatu kamili, likapigiliwa misumari, na balozi akafuatana nalo. Waliolibeba waliyumba. Msemaji wa Kamati akaeleza kwamba marehemu ameondoka na uzito wa taifa. Watu walilia kweli kweli. Wengine walikuwa hawajapata kuyalilia magazeti yale yalipokuwa yakitoka, ingawa sababu ilikuwepo.

Mbaruku aliyasikiliza mazishi yake kwenye redio ya ubalozi, amekaa jikoni na Mama Sikudhani. Nyimbo zilimpita. Hotuba zilimpita, moja ilimchekesha. Kisha mtangazaji akasema, "Sasa tunamsikia mjane," na redioni ikaja sauti ya Zainamu. Hakusema Mtukufu. Alilia, "Mbaruku wangu! Mbaruku wangu ee!"

Alizima redio.

"Wamemweka eda," alisema. "Miezi minne na siku kumi atakaa ndani, na kaniki, hajipaki hata mafuta, ananililia mimi niliyeshiba maharage. Mama Sikudhani, hii ni dhambi ya nani?"

"Mimi nafagia tu, baba," alijibu Mama Sikudhani. "Lakini ingekuwa mimi ndiye nakaa hiyo eda, ningetaka mtu aje aniambie."

Mbaruku akavaa ndala zake, zisizofanana, akatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, akaenda kwao kwa miguu.

*

Baina ya Ukindu na Mbalamwezi kuna daraja refu la chuma, ambalo yeye mwenyewe alilifungua zamani kwa mkasi wa dhahabu. Katikati yake kuna mistari miwili myeupe, mmoja wa kila nchi, na kati ya mistari hiyo hatua kumi na tisa ambazo wapimaji waliziacha ili wazigombanie baadaye.

Upande wa Ukindu askari alimuuliza, "Jina?"

"Mbaruku Ng'ombo."

"Huyo tumemzika leo asubuhi, mzee. Mimi mwenyewe nilipiga tarumbeta."

"Mimi ndiye."

"Pole sana. Maiti haruhusiwi kuingia bila kibali cha Bwana Afya, na hicho ulishakitumia."

Akarudi. Upande wa Mbalamwezi wakamwambia hana pasi, na hata angekuwa nayo, pasi ya marehemu hugongwa mhuri mara moja tu, wa kutoka. Akabaki pale kwenye hatua kumi na tisa, akiita: "Muiteni Balozi Nuhu! Muiteni Nuhu Kiwamba, ananijua!"

Wakamwita. Alitolewa kwenye sherehe ya kuapishwa, bado ana kitambaa cheusi mkononi. Kapteni Lukaya alikuja naye, na kwa upande wa pili akaja Dokta Mapambazuko na mwavuli. Watu wa sokoni wakajazana pande zote mbili. Ilikuwa saa tisa, jua kali, hapakuwa na kivuli cha mtu kujificha.

Nuhu alipomwona, mkono wake ulipanda wenyewe kwenye shavu.

"Leo hapana, Mheshimiwa," alisema Kapteni Lukaya kwa upole. "Nimekuja na daktari wa meno. Amekukagua ulipokuwa umesinzia garini. Anasema kinywa chako ni kizima kabisa." Akampigapiga begani. "Ni swali dogo. Mwananchi huyu anasema yeye ni marehemu. Akiwa ndiye, basi wewe ulidanganya taifa, na jeneza lile ni uhaini, tutakupiga risasi wewe kwanza kisha yeye. Asipokuwa ndiye, ni kichaa tu, na vichaa hatuwadhuru, tuna wengi. Unamjua?"

Mbaruku alisogea mpaka kwenye mstari. Hakuomba. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemkumbusha mwenzake zamu yake kwenye drafti, "Niite, Nuhu."

Balozi Nuhu alikuwa na meno ishirini na sita na ulimi mzima. Alitamka vizuri, kila mtu alisikia.

"Simjui huyu."

Kuna waliosema baadaye kwamba alimwokoa, maana kichaa hakupigwa risasi. Yeye mwenyewe alijiambia hivyo. Alijiambia mara nyingi sana, na mtu huwa harudii jambo mara nyingi hivyo kama mara ya kwanza lilimkaa.

Mbaruku alimtazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akarudi katikati ya daraja akakaa chini.

*

Nuhu Kiwamba akawa Waziri, na alidumu. Hapo sina budi kumsifu. Kapteni aliyechukia vyeo akawa Jenerali, kisha Mtukufu, kisha akapinduliwa. Waziri aliumwa jino. Aliyemfuata akapinduliwa, jino. Wakaja wengine, wengine wawili kwa wiki moja, akang'oa manne kwa pamoja ili asirudi tena kliniki. Alipewa Nishani ya Kikombe daraja la kwanza. Bi Zainamu alimaliza eda yake, lakini hakuachiwa. Alifanywa Mjane wa Taifa, cheo chenye ofisi na mlinzi mlangoni, na ni cheo kinachohitaji mume aliyekufa. Alisikia kuna kichaa darajani. Akaomba ruhusa ya kumpelekea chakula. Maombi yalijibiwa mwaka wa tatu, siku mbili baada ya mwombaji mwenyewe kuzikwa.

Nyumba ya Waziri ilikuwa na vyumba kumi na kabati kubwa la vikombe. Wageni walikuja, kwa kuwa alikuwa mkubwa. Lakini walikunywa wamesimama. Walikunywa chai yote, ya moto, huku machozi yanawatoka, hawakubakiza hata tone, na walikifudikiza kikombe wenyewe kabla hajakigusa, wakaondoka wanasema asante, asante. Hakuna aliyetaka kuacha kikombe chake wima katika nyumba ile. Jioni Waziri alilifungua kabati akavitazama, safu kwa safu, vyote vimelala kifudifudi. Aliswali peke yake, zile sura fupi.

Mama Sikudhani alimwandikia mara moja, kwa mkono wa mtu mwingine: "Baba balozi, salamu. Yule bwana yuko hai. Nimempelekea birika. Ni hayo tu."

Barua aliichoma, kisha akajuta, akayaweka majivu kwenye bahasha.

*

Mapinduzi ya mwisho aliyoyaona yalikuja asubuhi kama mengine. Gwaride likalia redioni. Waziri, mzee sasa, alishika shavu akaenda kliniki, akafungua kinywa.

Daktari akachungulia. Akawasha taa, akachungulia tena.

"Mheshimiwa," alisema, "hamna kitu cha kuuma humu."

Kwa mara ya kwanza tangu awe Waziri alikuwa mzima wa afya siku ya mapinduzi. Alitoka kwa mlango wa nyuma wa kliniki akakimbia, kwa jinsi mzee wa miaka sabini na nane anavyokimbia. Alifika darajani saa nne, ameshika viatu mkononi. Askari wa Ukindu walikuwa bado wanabadilisha bendera, hawakumwona akipita. Askari wa Mbalamwezi walimwona.

"Pasi?"

"Mimi ni Nuhu Kiwamba. Nilikuwa balozi hapa. Naomba hifadhi."

Wale vijana wakatazamana. "Yule wa kikombe?" mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akamjibu mzee, "Samahani, babu. Nyumba zote zimejaa." Alimaanisha nchi nzima.

Akageuka. Upande wa Ukindu walikuwa wameshaanza kupiga kelele za kumtafuta. Upande wa Mbalamwezi, mstari mweupe. Katikati, kwenye zile hatua kumi na tisa, kulikuwa na kibanda cha mabati, jiko la mkaa, na birika jeusi. Wachukuzi wa mizigo walikuwa wanakunywa chai hapo. Mwenye kibanda alikuwa mzee mwembamba wa ndevu nyeupe, na wote walimwita Marehemu. "Marehemu, niongeze sukari. Marehemu, jana ulinipunja maandazi." Naye aliwajibu na kuwatania.

Nuhu alisimama pale mpaka wote wakaondoka.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mgeni." Marehemu alivuta kigoda. "Pole na jua."

"Mbaruku."

"Huyo alizikwa zamani. Kwa umri wako nadhani ulikuwepo." Alikuwa ameshainamisha birika, chai ikamiminika vizuri. "Kunywa. Ubakize."

Nuhu alikunywa. Chai ikamwagika kwenye kidevu. Alipobakiza funda, akasema, "Ni mimi. Nimekuja. Nitukane basi, nipige. Au niite. Niite jina langu mara moja tu."

Marehemu akamtazama sawasawa, kwenye jua lile lile, kwa muda ule ule. Uso wake haukuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama ungekuwa nayo.

"Simjui huyu," alisema, kama anayeliambia birika. "Lakini amekuja, basi akae."

Akakichukua kikombe, akakiweka juu ya ubao ukutani, wima.

Askari wa serikali mpya walifika wakihema. Marehemu aliwaonyesha ubao kwa kidole, akaendelea kupepea mkaa. Wakakitazama kile kikombe, wakatazamana, wakarudi. Hata watu wa Ukindu wana mahali wanapokomea, Mwenyezi Mungu ashukuriwe.

Wapitao darajani wanasema wale wazee wawili wanaishi vizuri. Hawagombani hata siku moja. Asubuhi mmoja anasema, "Umeamkaje, mgeni?" na mwingine anajibu, "Salama." Wanagawana maandazi nusu kwa nusu. Drafti ipo, ila hawaichezi. Wakati wa swala mwenye nyumba anamwachia mgeni mkeka kwanza. Anangoja amalize kabisa, asimame, atoke, ndipo naye anaswali.

Kikombe hakijaguswa. Funda limekauka likaacha duara la kahawia, na kiko wima mpaka leo. Alasiri, soko likitulia, mgeni hujikongoja hadi ukingoni mwa daraja, akashika chuma, akatazama maji yanayopita bila kuulizwa pasi. Hapo hujiita mwenyewe, polepole, kwa kinywa kisicho na jino hata moja: "Nuhu." Husikiliza kidogo. Kisha, kwa kuwa hakuna mwingine, huitika.